Kamati ya Mwenendo wa Sindano

Kila nikimwambia mtu kwamba kazi niliyostaafu ilikuwa ya sindano, ananikunjia mkono wa kanzu. Hapa Konde nimeshaletewa watoto wenye homa, nimeshaulizwa dawa ya mgongo, na jirani yangu Bi Hidaya alipata kunigombeza sokoni, mbele ya watu, kwa kuwa nilikataa kwenda kumchoma mamake aliyekuwa hajiwezi.

Nikamwambia, "Bi Hidaya, miye tangu nizaliwe sijamchoma binadamu. Nikichoma mashine."

Akanitizama kwa huruma, akawageukia wenziwe. "Masikini Bi Saada. Kustaafu kumeanzia kichwani."

Kwa hiyo nyinyi vijana mlioajiriwa maabara juzi, mnaonipigia simu kila mkipinda sindano, nimeona niwaelezee mara moja kwa kirefu. Mashine zenu za siku hizi zina mkono wa chuma unaojichomea wenyewe, na nyinyi mnabonyeza kitufe mkarudi kwenye simu. Lakini sindano ni ile ile, na wenye vyeo ni wale wale. Yote mawili yanataka kujulikana namna ya kuyashika.

Kiwanda chetu kilikuwa nje kidogo ya Konde, njia ya kwendea Makangale. Kikinunua mafuta ya majani ya mkarafuu kwa wapikaji wa vijijini, kikiyachuja, kikiyatia mapipani na kuyapeleka ng'ambo. Pipa halikutoka mpaka maabara iseme ni safi. Na maabara yenyewe ilikuwa watu wawili: Mwalimu Faki, mkemia aliyesomesha skuli miaka mingi kabla ya kuja kwetu, na jina la ualimu likamganda, na miye, fundi maabara wake.

Mashine yetu ilikuwa ya kizamani. Fikirini tanuri dogo lenye mrija mrefu uliojikunja ndani kama nyoka kwenye kikapu. Mlangoni pana kimpira. Unachoma mafuta kupitia kile kimpira, joto linayageuza mvuke, gesi inausukuma mvuke ndani ya mrija, na kila kilichomo kwenye mafuta kinatoka upande wa pili kwa wakati wake. Kikitoka, kalamu inapanda kwenye karatasi. Mafuta safi ya mkarafuu yana mlima mmoja mkubwa, na kilima kidogo au viwili ubavuni. Ukiona kalamu imechora meno ya kitana, basi mtu katia mafuta ya taa.

Ila mashine ile hailishwi kwa kijiko. Inataka mikrolita moja. Ukitaka kujua mikrolita moja ni nini, chovya ncha ya pini ndani ya maji uitoe. Kile kijasho kilichobaki pale ndicho kiasi chenyewe, au karibu yake. Ukizidisha, milima inafura na kupandana. Ukipunguza, kilima kidogo hakionekani kabisa. Kwa hiyo tulikuwa na bomba la kioo jembamba kuliko penseli, lenye sindano kama unywele, na ndani yake kijiti cha chuma cha kusukumia, ambacho sisi tukikiita mchi.

Siku ya kwanza Mwalimu Faki alinipa bomba lile tupu, akanitizama nilivyolishika. Nililikumbatia kiganjani, kama ninavyoshika kitu ninachoogopa kukivunja.

"Utalipikia nini?" akaniuliza.

"Vipi, Mwalimu?"

"Naona unalipasha moto. Kioo kinasikia joto la mkono, mafuta ya ndani yanatanuka, nawe unasema umepima moja kumbe umepima unavyojua mwenyewe. Lishike hapa juu, kwenye mabawa yake. Kifuani usimguse, hamjaoana."

Ndivyo alivyokuwa akisomesha. Akikutania siku moja, unakumbuka mwaka mzima. Alinifundisha kuchovya sindano ndani ya mafuta na kuupandisha na kuushusha mchi mara nyingi, taratibu, mpaka povu la hewa litoke, maana mafuta ya mkarafuu ni mazito. Ukivuta kwa pupa unavuta hewa. Alinifundisha kuvuta zaidi ya ninachotaka, kuiinua sindano juu, kisha kusukuma mpaka kwenye alama huku jicho likiwa sawa na alama, sio juu wala chini. Kuifuta sindano kwa karatasi laini kutoka shina kwenda ncha, na kuiacha ncha yenyewe, kwa kuwa karatasi ikiigusa itafyonza kilichomo. Kisha kuchoma wima, kwa mkono mmoja wa kusukuma na mmoja wa kuiongoza sindano, na kuitoa bila kusitasita.

Na ukimaliza, kuosha. Hapo ndipo alipokuwa hana mzaha. Mafuta ya mkarafuu ukiyaacha ndani ya sindano mpaka umalize chai, yanaganda kama ulimbo, na mchi unashikana na kioo. Unavuta asetoni, ile dawa kali ya kuyeyushia mafuta, unamwaga. Unavuta tena, unamwaga. Mpaka uchoke, halafu unaanza upya. Na kila mchi una bomba lake. Usichukue mchi wa bomba hili ukautia katika lile kwa kuwa yamefanana. Hayakufanana. Yametengenezwa yakiwa mawili mawili, mke na mume, na ukiwabadilisha, basi ama atabana au atavujisha.

Sasa nije kwenye kuchagua, nanyi mtanielewa kwa nini nasema ni kazi ya siasa.

Afisa ununuzi wetu alikuwa Bwana Othmani. Kijana mtanashati, mwenye kalamu tatu mfukoni, na mkwe wa Mzee Sururu wa Makangale, mpikaji mafuta mkubwa kuliko wote waliotuuzia. Othmani alikuwa akituletea mahitaji ya maabara asubuhi, na jioni akenda Makangale kumsimamia mkwewe mtambo mmoja wa kupikia. Hakuna aliyeona ajabu. Akiulizwa, husema anaijua biashara pande zote mbili.

Mwalimu Faki alimwomba mabomba ya mikrolita tano, ya kioo, sindano iliyoshikamana na bomba, ncha yake imekatwa mshazari ili itoboe kimpira bila kukitafuna. Akamchorea na picha. Othmani akaja na katoni. Tukafungua: mabomba ya plastiki ya hospitali.

"Bwana Othmani," Mwalimu akasema, "haya ni ya watu."

"Sindano si sindano, Mwalimu?"

Mwalimu hakubishana. Akavuta mafuta ya mkarafuu kwa bomba moja kati ya yale, akaliweka juu ya meza, akamwambia Othmani asubiri. Plastiki ikaanza kutoa ukungu kama kioo cha gari siku ya mvua. Mpira wa ndani ukavimba ukakwama. Othmani akajaribu kuusukuma, akashindwa, akajaribu kwa mikono miwili.

"Kumbe mnataka madhubuti," akasema. "Mngesema mapema."

Safari ya pili akatuletea za ng'ombe.

Sisemi uongo. Chuma kitupu, sindano nene unaweza kunywea soda. Alikuwa kazitoa kwenye duka la dawa za mifugo, na alizileta kwa fahari kabisa. Mwalimu Faki akaishika moja, akaigeuzageuza, akaniambia, "Saada, mashine yetu ikianza kutoa maziwa, unijulishe."

Mwishowe Mwalimu aliandika moja kwa moja kwa waliotuuzia mashine, nao wakatuletea mabomba mawili ya sawasawa. Moja tukilitumia. La pili akalifunga ndani ya kisanduku chake na kuliweka juu ya kabati. Siku hizi mkiagiza, msiandike "sindano" mkanyamaza. Andikeni kiasi, na kiwe karibu na kile mtakachopima. Bomba kubwa halisomi kidogo. Andikeni ncha: ya mshazari kwa kutoboa kimpira, na butu kwa zile mashine zinazopokea majimaji kupitia kitundu. Andikeni imeshikamana au inafunguka. Inayofunguka ni nzuri, ikipinda unabadilisha sindano tu, lakini iliyoshikamana haiachi mafuta kwenye maungio. Na iliyoshikamana msiikaushe kwenye tanuri, gundi yake inayeyuka. Kisha mwende wenyewe mkaipokee.

Basi, mafuta ya Mzee Sururu.

Mzee Sururu alikuwa mtu wa kiti cha mbele. Harusi haianzi mpaka aje, maulidi hayaishi mpaka ashukuriwe. Pale kiwandani picha yake ilitundikwa ukutani kwa meneja kama mfano wa mpikaji bora. Siku mapipa yake yalipokuja, nilichukua sampuli kutoka kila pipa, nikazichanganya kama tulivyozoea, nikachoma. Mlima ukapanda vizuri. Halafu kalamu, badala ya kulala, ikaanza kutetemeka. Meno. Meno marefu na mafupi, yamepangana sawasawa.

Nikamwita Mwalimu. Akaangalia, akasema, "Osha. Rudia."

Nikaosha, nikarudia. Yale yale. Yeye mwenyewe akachoma. Yale yale.

Akapeleka taarifa kwa meneja: mafuta yana mchanganyiko, yasisafirishwe. Haikupita saa meneja akaja maabara, mahali ambapo nilikuwa sijapata kumwona ila siku za wageni wenye kamera.

"Mwalimu, unajua haya mafuta ni ya nani?"

"Yameandikwa juu ya pipa."

"Na bado unasema yana mafuta ya taa?"

"Sisemi miye. Ndivyo yalivyo."

Meneja akatazama mashine, akatazama karatasi, jicho lake likatua kwenye bomba lililokuwa juu ya kitambaa cheupe. "Na hiki je? Hiki hakikosei?"

Hapo ndipo kesi ilipohama kutoka kwa mafuta ikamwangukia mtuhumiwa mpya.

Asubuhi iliyofuata tukasomewa kwamba imeundwa Kamati ya Kuchunguza Mwenendo wa Sindano. Mwenyekiti, meneja. Katibu, Bwana Othmani, kwa kuwa ni mtaalamu wa ununuzi wa sindano. Wajumbe, mhasibu na mkuu wa usafiri. Akaalikwa pia Shehe mmoja wa jirani kwa ajili ya dua ya ufunguzi, naye, kwa heshima yake, aliomba dua, akanywa chai, akauliza mgonjwa ni nani, alipoelezwa akaaga.

Sisi wawili tuliitwa tukiwa na mtuhumiwa. Nililileta bomba ndani ya sahani ya chuma. Meneja akaagiza liwekwe katikati ya meza, watu wote walione.

"Lina umri gani?" akauliza mhasibu.

Mwalimu akajibu.

"Limewahi kukosea kabla ya hapa?"

"Bomba halikosei. Mkono hukosea, na tukishuku mkono tunarudia. Tumerudia."

"Lakini linaweza kuwa na mabaki," akasema Othmani. "Mafuta ya taa ya zamani, pengine."

Hilo, wanangu, lilikuwa swali la maana, na nataka mlishike hata kama lilitoka kinywani mwa aliyelitoa. Bomba lisilooshwa vizuri hubeba habari za jana likazisema leo. Mwalimu akawajibu kwa adabu: dawa yake ni kuchoma asetoni tupu, ikichora mstari bapa, bomba ni safi. Akaomba waende maabara wakaone, ni hatua chache.

"Kamati haiwezi kuhamahama," meneja akasema. "Othmani, andika."

Mkuu wa usafiri, mtu aliyezoea kufungua chochote kilicholetwa mbele yake, akalichukua bomba. Nikasema, "Tafadhali, Bwana, kwa mabawa." Hakunisikia. Akauvuta mchi. Akauvuta mpaka ukatoka wote. Akautazama dhidi ya mwanga kama anapima mafuta ya injini, kisha akataka kuurudisha. Mchi ule ni mwembamba kuliko waya wa baiskeli, na mdomo wa bomba ni mdogo. Akausukuma. Ukapinda. Akaona umepinda, akaunyoosha kwa meno.

Nilimtazama Mwalimu Faki. Alikuwa amefumba macho.

"Naona," akasema mkuu wa usafiri, akilirudisha bomba kwenye sahani, "hiki kitu kweli kina kasoro."

Othmani akaandika: sindano imeonekana kuwa na kasoro.

"Ilikuwa haina mpaka mlipoishika," akasema Mwalimu.

"Hilo halimo katika hadidu za rejea," akajibu Othmani, bila kuinua kichwa.

Tukarudi maabara na marehemu wetu. Maamuzi ya kamati yakaja mchana: majibu yafutwe, mapipa ya Mzee Sururu yatengewe meli, na Mwalimu Faki asome maneno ya kuomba radhi mbele ya Mzee Sururu mwenyewe, kwenye kikao kitakachoandaliwa, kwa kumvunjia heshima. Akikataa, kazi basi. Maneno yenyewe waliyatayarisha wao. Yalikuwa mazuri, yana hadi aya ya kumsifu meneja.

Miye nililia. Sio kwa sababu ya bomba. Mwalimu alikuwa na wajukuu aliokuwa akiwalea peke yake, na kila mtu pale kiwandani alilijua hilo, na waliomwekea masharti yale walilijua zaidi. Nikamwuliza atafanyaje.

"Nitakwenda kikaoni," akasema. "Kama nitasoma, sijui. Macho siku hizi yananisumbua." Akatabasamu, lakini mkono wake ulikuwa ukitafuta miwani iliyokuwa usoni.

Kabla ya kikao, asubuhi, tunafungua madirisha ya maabara, akaingia mzee amevaa kanzu na kofia, peke yake, amebeba kikapu. Alikuwa Mzee Sururu. Hakuna aliyemtangulia kufungua mlango, wala aliyemfuata nyuma. Nilikuwa sijapata kumwona hivyo.

"Asalaam alaykum. Nasikia mna sindano inanisema."

"Waalaykum salaam," akajibu Mwalimu, na akamtolea kiti. "Haikusemi wewe, Mzee. Inayasema mafuta."

"Basi nataka niione ikiyasema. Mkwe wangu kaniambia mnanifanyia choyo. Meneja kaniambia mtaniomba radhi. Watu wote wananitetea, na hata mmoja hajaniuliza kama yale mafuta ni mazima. Miye sijui! Sikuyapika yote kwa mkono wangu. Kama ni machafu yakenda huko yakarudi, jina litakalorudi nayo ni langu."

Alikuwa amechota mwenyewe, kutoka kila pipa, chupa ndogo ndogo, na kila shingo ya chupa kaifunga uzi. Uzi mweupe ni mtambo wa juu, aliousimamia yeye. Uzi mwekundu ni mtambo wa chini, karibu na msitu. Hakusema nani aliusimamia huo, wala hatukumwuliza.

Mwalimu akapanda juu ya kiti akateremsha kisanduku chake kabatini. Akalitoa bomba la pili, likiwa halijaguswa, akanikabidhi. "Choma wewe."

Nilichoma asetoni tupu kwanza. Mzee Sururu akasogeza kiti, tukasubiri. Kalamu ikatembea, ikatembea, mstari bapa.

"Haisemi kitu," akanong'ona.

"Haina la kusema," Mwalimu akamwambia. "Ndiyo tunataka hivyo."

Nikachukua chupa ya uzi mweupe. Nikapandisha na kushusha mchi taratibu mpaka hewa ikaisha, nikavuta, nikapunguza mpaka kwenye alama, nikafuta sindano, nikachoma. Mlima mmoja mkubwa, kilima pembeni, kisha utulivu. Nilimweleza. Akatikisa kichwa kama mtu anayesomewa barua ya mtoto wake. Nikaosha mpaka vidole vikanikauka kwa asetoni, nikachoma asetoni tupu tena mbele yake, mstari bapa. Kisha nikachukua uzi mwekundu.

Mlima ukapanda. Tukangoja. Kalamu ikaanza kutetemeka.

Mzee Sururu akainama mpaka pua ikakaribia karatasi. Meno yalikuwa yakitoka moja moja, hayana haraka.

"Hayo ndiyo mafuta ya taa?"

"Ndiyo, Mzee."

"Rudia, mwanangu."

Nikarudia. Akaangalia mpaka mwisho. Halafu akazipanga chupa zake kikapuni, nyeupe upande mmoja, nyekundu upande mmoja, na nikaona anakosea, anachanganya, anapanga upya. Nilitaka kumsaidia, Mwalimu akanionyesha kwa jicho nimwache.

"Mnakutana saa ngapi na hao wenzenu?" akauliza.

Kikaoni meza ilikuwa imetandikwa kitambaa, pana na maji ya chupa na maua ya plastiki. Mzee Sururu alipoingia kamati nzima ikasimama. Othmani akamvutia kiti mkwewe, kisha akakaa pembeni, akafungua kalamu. Meneja akafungua kwa maneno marefu juu ya heshima ya wadau, akamwita Mwalimu Faki asimame na karatasi yake.

Mwalimu akasimama. Akaivaa miwani, akaivua.

"Kaa, Mwalimu," akasema Mzee Sururu. "Kabla hujasema, miye n'na neno dogo." Hakuinuka. Aliongea kwa sauti ile ile ambayo mtu huombea maji. "Nimekwenda maabara leo. Nimeiona sindano. Haina ugomvi na mtu. Mafuta ya mtambo wangu wa juu ni mazima. Ya mtambo wa chini yametiwa mafuta ya taa. Na mtambo wa chini anausimamia katibu wenu."

Kalamu ya Othmani ikasimama katikati ya neno.

Meneja akamtazama Mzee, akamtazama Othmani, akayatazama yale maua ya plastiki kwa muda mrefu. Kisha akainama upande wa katibu wake, akauliza kwa sauti ndogo iliyosikika na sote:

"Hili... tuliandike, au tusiliandike?"

Othmani akaifunga kalamu yake, akairudisha mfukoni kwa zile mbili. Sikumpenda kijana yule, lakini sikufurahi kumwona vile. Mkwewe hakumtukana wala hakumtazama. Alisema tu kwamba mapipa yote, ya mtambo wa juu na wa chini, anayachukua leo, kwa gari yake, na kwamba atakapokuwa na mafuta ya kuuza ataleta mwenyewe. Akaaga mmoja mmoja. Alipofika kwa Mwalimu Faki akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akakaa hivyo kidogo, akatoka.

Mkitarajia nitasema kamati ilivunjwa, hamjafanya kazi ofisini. Kamati ilimaliza ripoti yake. Ilijipongeza kwa uchunguzi wa kina uliobaini ukweli, ikapendekeza itolewe semina ya namna ya kushika sindano, na mtoa mada akawa mkuu wa usafiri. Nilihudhuria. Alisema jambo moja la kweli, kwamba mchi usivutwe mpaka mwisho, na alilisema kwa hisia kubwa. Othmani hakufukuzwa, kiwanda kilimhamishia ofisi ndogo ya Mtambile, kwa cheo kipya cha mratibu wa uadilifu. Maneno ya kuomba radhi hayakusomwa na mtu yeyote. Mwalimu Faki aliendelea na kazi yake mpaka alipostaafu, na wajukuu wake wote walimaliza skuli.

Kwa Mzee Sururu mtambo wa chini ulizimwa. Majani yakaozea pale pale. Tukasikia kamkataza mtu yeyote kuuwasha. Kisha siku moja, miezi imepita, akaja maabara mwanamke nisiyemjua, amejifunga kanga ya pili kiunoni, mikono ina alama za moto mpaka kwenye viwiko. Akajitaja: Bi Rukia, bintiye Mzee Sururu. Mke wa Othmani, nikajiambia kimoyomoyo, nikatafuta la kusema nisilipate.

Yeye akalipata. "Nimeuwasha ule mtambo wa chini. Baba alikataa, nikamwambia aje aketi hapo anitizame mpaka achoke. Kachoka." Akaweka chupa mezani. "Nimeyapika mwenyewe. Majani nimeyachagua mwenyewe. Kwetu hakuna anayeniuliza kitu, wananitizama tu. Nataka niambiwe na hii yenu."

Nikamtolea kiti, akakataa. Nikachoma asetoni tupu, kwa kuwa nilitaka aone. Nikaosha, nikavuta mafuta yake. Yalikuwa yanakwenda vizuri ndani ya kioo, hayana povu. Nikachoma. Akasimama nyuma ya bega langu, na pumzi zake nikizisikia. Kalamu ikapanda, ikapanda, ikashuka, ikafanya kilima chake kidogo, kisha ikalala. Tukaiangalia ikitembea chini, haiinuki, mpaka karatasi ikaisha.

"Ndio imekwisha?" akauliza.

"Imekwisha, Bi Rukia. Mazima."

Alishusha pumzi, akaikaza kanga yake. Nikachukua kibandiko niandike juu ya chupa, na kwa mazoea kalamu yangu ikaanza na jina la Mzee Sururu. Akanishika mkono.

"La," akasema. "Andika langu."